MICHEZO YA VIJIJINI NA PICHA YA VIPANDE

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Mahoo, na kupigwa chapa kwa ombi la Halmashauri



Taarifa ya fedha imekwisha kusomwa, na taarifa za mazishi, karo na maji pia. Lililobaki katika orodha ya shughuli ni neno moja tu, "Michezo". Twajua kwamba baadhi ya wanachama walipoliona neno hilo walitabasamu, wakadhani limewekwa hapo kwa kumalizia siku. Twawaomba subira. Mwisho wa hotuba hii mtaombwa kupiga kura, na ni haki ya mpiga kura kuelezwa anapigia jambo gani.

Katika chumba chetu cha kusomea iko picha iliyotolewa zawadi mwaka uliopita. Haikutengenezwa kutundikwa ukutani. Ni picha ya vipande: imechapwa juu ya kadibodi, kisha ikakatwa vipande 1000, kila kipande kina vichwa vyake na mapengo yake, na kazi ya mchezaji ni kuviunga mpaka picha irudi kuwa nzima. Inaonyesha sikukuu katika kijiji cha Uingereza ya zamani. Katikati ya uwanja umesimama mlingoti mrefu wenye riboni, na wasichana wanauzunguka wakicheza ngoma. Upande wa kulia wanaume wanavutana kwa kamba. Mbele wako vijana waliojitia magunia mpaka kiunoni wakishindana kuruka, na watoto wanaokimbia na vijiko vyenye mayai. Kando upo mti uliopakwa mafuta, na juu yake limefungwa paja la nyama kwa yule atakayeweza kuupanda. Wako wanaopigana mieleka, wako wanaolenga kigingi kwa pete za chuma, na mbali kule kilimani watu wanalikimbilia jibini la mviringo linaloporomoka.

Tulipokuwa tukiviunga vipande hivyo, jioni baada ya jioni, wazee waliokuja kusoma gazeti walisimama kutazama. Kamba waliitambua mara moja. Mieleka waliitambua. Walipofika kwenye zile pete na kigingi, wakaanza kubishana wao kwa wao juu ya shabaha walizokuwa wakilenga utotoni, walipokuwa malishoni na mifugo. Mmoja alisema aliyekosa shabaha alitoa fimbo yake. Mwingine alisema la, alikaa kando mpaka zamu ipite. Hawakuafikiana. Wakamtaja mwenzao wa tatu ambaye angaliweza kuwaamua, kisha wakakumbuka kwamba amekwisha kufariki. Bishano lile ndilo lililotuleta mbele yenu leo.

ASILI YA PICHA HIZI

Huenda wengine mkapenda kujua picha za namna hii zilianzaje. Aghalabu hutajwa jina la John Spilsbury, mchoraji wa ramani wa London. Katika miaka ya 1760 alibandika ramani juu ya ubao mwembamba, akaukata kwa msumeno kufuata mipaka ya nchi, akawauzia watu ili watoto wao wajifunze jiografia kwa kuziunga nchi moja moja. Kwa miaka mingi vitu hivyo vilikuwa vya mbao na vya bei kubwa, navyo vilichezewa nyumbani kwa matajiri. Baadaye vikatengenezwa kwa kadibodi na kukatwa kwa mashine. Katika miaka ya 1930, dhiki ya uchumi ilipoenea ulimwenguni, watu wengi wa Marekani na Ulaya walivinunua au kuviazima, kwa kuwa viliwapa burudani ya jioni nyingi kwa senti chache.

Sisi wa Mahoo si wageni wa ramani iliyokatwa. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipatana kwamba mstari utoke pwani, kwenye mlango wa mto Umba, uende hadi Ziwa Jipe, upite kati ya nchi ya Taveta na nchi ya Wachaga, uuzunguke mlima Kilimanjaro kwa upande wa kaskazini, kisha uelekee Ziwa Viktoria. Hivi leo Ziwa Jipe lina sehemu yake Kenya na sehemu yake Tanzania, na Ziwa Chala vivyo hivyo. Mlima tunauona kila asubuhi, nao uko nchi nyingine. Walakini yako mambo ambayo msumeno huo haukuyakata. Siku ya soko la Taveta watu wa pande zote mbili hukutana, na mtu atokaye Moshi au Upareni akiketi mbele ya bao pamoja na mtu wa Mahoo, hapana anayehitaji mkalimani. Kete zinawasemea.

MAMBO YALIYOWAPATA WAINGEREZA

Mtu aitazamapo picha ile aweza kudhani kwamba Waingereza walicheza hivyo siku zote, kwa amani, bila kukatizwa. Sivyo. Michezo ya vijiji vyao ilipita katika misukosuko mingi, na ni vema tuifuate habari hiyo kwa utaratibu, maana ndani yake mna somo letu.

Karibu na mwaka 1612 wakili mmoja, Robert Dover, alianzisha mashindano ya kila mwaka juu ya kilima karibu na mji mdogo wa Chipping Campden. Watu walishindana mieleka, kuruka, kutupa nyundo, na hata kupigana mateke ya miguu. Mfalme James wa Kwanza alikuwa upande wa michezo ya namna hiyo, na mwaka 1618 alitoa tangazo kwamba watu wasikatazwe michezo ya halali siku ya Jumapili baada ya ibada. Lakini walikuwako watu wa dini wakali walioiona michezo hiyo kuwa upuuzi na dhambi. Walipopata nguvu katika Bunge, mwaka 1644 waliamuru ile milingoti ya riboni iangushwe nchini kote. Mashindano ya Dover nayo yalisimama wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Baada ya ufalme kurudi mwaka 1660, michezo ilirudi.

Adui wa pili alikuwa mkubwa kuliko wa kwanza, naye alikuja bila kelele. Katika karne ya 18 na ya 19 Bunge la Uingereza lilipitisha maelfu ya sheria za kuzungushia ua ardhi ambazo hapo zamani zilitumiwa na kijiji kizima kwa malisho na kwa michezo. Uwanja ukawa shamba la mtu. Kilima cha Dover kilipatwa na hayo, tena mashindano yenyewe yalikuwa yamekwisha kuingiwa na ulevi na fujo, hata wakubwa wa mahali pale hawakuona uchungu kuyaacha. Mwaka 1852 yakachezwa kwa mara ya mwisho. Karibu miaka 100 ikapita. Mwaka 1951 yakafufuliwa kwa sikukuu ya taifa, na tangu miaka ya 1960 kipo chama cha wenyeji kinachoyaendesha. Lile jibini linaloporomoka nalo hufuatwa mpaka leo katika kilima cha Cooper's Hill, mkoa wa Gloucestershire.

Yafaa tuseme pia kwamba si kila mchezo uliokufa ulistahili kuliliwa. Mwaka 1835 Bunge lilikataza kushindanisha mbwa na fahali aliyefungwa, na kupiganisha jogoo. Watu waliiona michezo hiyo kuwa ya kale na ya jadi, nayo ilikuwa kweli ya kale na ya jadi, lakini ilikuwa ya ukatili. Waliiacha, wala Uingereza haikupungukiwa na kitu.

Sasa twataka mfikiri juu ya mtu mmoja ambaye kazi yake inafanana na ya chama chetu kuliko zote. Jina lake ni William Penny Brookes, daktari wa mji mdogo uitwao Much Wenlock. Hakuwa tajiri mkubwa wala mtu wa serikali ya London. Mwaka 1841 alianzisha chama cha kusomea vitabu kwa faida ya wakulima na wafanya kazi wa mahali pale. Miaka 9 baadaye, mwaka 1850, chama hicho hicho kikaanza siku ya michezo. Palikuwa na mbio, kuruka, mpira, na kulenga kigingi kwa pete. Palikuwa na michezo ya kuchekesha pia: watu waliofungwa macho walisukuma mikokoteni, na wanawake wazee walishindana mbio, mshindi akapewa ratili moja ya majani ya chai. Brookes alisisitiza kwamba michezo hiyo iwe wazi kwa mtu wa kila daraja, mfanya kazi na bwana sawasawa.

Habari za mji ule mdogo zilisafiri. Mwaka 1890 Mfaransa Pierre de Coubertin alikwenda Much Wenlock kuitazama michezo hiyo kwa macho yake, akapokewa na Brookes ambaye wakati huo alikuwa mzee wa miaka zaidi ya 80. Brookes alifariki mwezi Desemba 1895, na mwezi Aprili 1896 michezo ya Olimpiki ya zama zetu ikafunguliwa Athens. Wako wengine wengi waliochangia jambo hilo, lakini kijiji kile kina fungu lake. Hata kuvuta kamba kulikuwa miongoni mwa mashindano ya Olimpiki tangu mwaka 1900 hadi 1920. Basi Wilson Kiprugut alipoiletea Kenya nishani yake ya kwanza ya Olimpiki huko Tokyo mwaka 1964, na Kipchoge Keino aliposhinda mbio za mita 1500 huko Mexico mwaka 1968, walikimbia katika njia ambayo sehemu yake ya kwanza ilifyekwa na daktari wa mji mdogo pamoja na chama chake cha kusomea.

Liko neno moja zaidi juu ya Waingereza. Kabla ya mwaka 1863 kila shule na kila kijiji kwao kilicheza mpira kwa namna yake. Hapa walishika kwa mikono, pale walikataza, na timu mbili zilipokutana zilianza kwa ugomvi. Mwaka huo wa 1863 watu wa vilabu kadhaa wakakutana London, wakaunda chama na kuziandika kanuni katika karatasi. Karatasi hiyo ndiyo iliyouwezesha mpira kupanda meli. Wamisioni, waalimu na askari waliuleta Afrika Mashariki pamoja na kanuni zake, na leo kila mtoto wa Mahoo anazijua, hata yule anayecheza kwa mpira wa makaratasi uliofungwa kamba. Mchezo ulioandikwa hutembea. Mchezo usioandikwa hufa na mwenyewe.

YALIYO YETU

Wazee wetu, katika mambo haya ninyi ndio vitabu, nasi ni wasomaji tu. Twataja machache ili ijulikane kwamba hatusemi juu ya utupu.

Tuanze na bao, maana ndilo kubwa. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 katika mistari minne, na kete zake ni 64, aghalabu komwe. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi. Kwanza huwa namua, ambapo kete za mkononi huingizwa moja moja, kisha huja mtaji, ambapo zote zimo ubaoni na hesabu huwa nzito. Mabingwa wa Zanzibar na wa mwambao huona mbali sana mbele kabla ya kugusa kete, bila kuandika lolote, na wataalamu wa vyuo vya Ulaya wamekuja kuwachunguza na kuandika vitabu juu ya akili hiyo. Waganda wana omweso, wenye mashimo 32 na kete 64 kama bao letu lakini kwa kanuni nyingine. Wajaluo wana ajua, yenye mistari miwili. Huko Hyrax Hill, karibu na Nakuru, mashimo ya bao yamechongwa katika mwamba wenyewe, na waliochonga hatuwajui. Mwalimu Julius Nyerere, Rais wa kwanza wa Tanzania, alijulikana kwa kupenda mchezo huu. Basi asiwepo kijana wa kutuambia kwamba bao ni kazi ya wazee wasio na shughuli.

Upo mdako, ambao mama zetu waujua kuliko sisi. Hufukuliwa kishimo kidogo, hutiwa vijiwe, na mchezaji hurusha kijiwe kimoja juu; kabla hakijashuka, huvitoa vya shimoni kwa mkono ule ule, akakidaka. Kisha huvirudisha na kubakisha kimoja, halafu viwili, halafu vitatu, mpaka akose. Mtoto ajuaye mdako amekwisha kujifunza kuhesabu, kutoa na kujumlisha, kabla hajaiona chaki. Tena haugharimu kitu, maana vijiwe ni vya Mungu.

Iko pia mwajificho, pia za kuzungusha, tiara, kuendesha gurudumu kwa kijiti, mieleka, kuruka kamba, na shabaha za wachungaji. Na katika kila mmoja wa hiyo, Mahoo hatuna kanuni moja. Kijiji chetu ni cha watu wengi. Wataveta ndio wenyeji, na pamoja nao wako Wataita, Wakamba, Wapare, Wachaga, Wajaluo na wengineo, ambao wengi wao walifuata kazi za mashamba ya mkonge, wengine biashara ya soko. Kila nyumba ilikuja na michezo yake kama ilivyokuja na vyungu vyake. Huo ni utajiri, lakini ni utajiri usioandikwa.

Wenzetu wengine wamekwisha kuamka. Lamu huwa na sikukuu ambayo ndani yake majahazi hushindana, punda hushindana, na wacheza bao hukutana. Makunduchi, kusini mwa Unguja, kila mwaka mwezi wa Julai husherehekea Mwaka Kogwa, na watu hupigana kwa makuti ya mgomba ili kutoa hasira za mwaka uliopita. Pemba wana mchezo wa ng'ombe, ambao husemwa ulitoka kwa Wareno, na ng'ombe hauawi. Mwaka 2015 Shirika la UNESCO liliandika michezo ya kuvuta kamba ya Kambodia, Ufilipino, Korea Kusini na Vietnam katika orodha ya urithi wa wanadamu. Twaomba mlitafakari hilo: kamba, ambayo sisi tunafungia ng'ombe, imeingia katika orodha ya urithi wa wanadamu kwa sababu mataifa manne yalikaa pamoja yakaandika namna yanavyoivuta. Nasi tunacho cha kusimamia. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika ibara ya 11, yasema kwamba utamaduni ndio msingi wa taifa.

HOJA ZA WANAOPINGA

Zimetufikia hoja nne, nazo zimetolewa na watu wenye akili. Yatupasa kuzijibu kwa heshima.

Ya kwanza yasema, michezo ni mambo ya watoto, na chama hiki ni cha msaada. Twajibu hivi. Tazameni lini watu wa Mahoo hukutana wote, vijana kwa wazee. Siku hizi twakutana matangani. Kijana humjua mwenyekiti wa chama kwa sauti yake ya kutangaza michango ya mazishi tu. Je, ni ajabu basi kwamba akifikia umri wa kujiunga hasogei? Chama kinachokutana na watoto wake makaburini peke yake, siku moja kitakosa wa kukizika chenyewe.

Ya pili yasema, fedha ni chache. Ni kweli. Ndiyo maana hatuombi hata senti moja kutoka mfuko wa mazishi wala mfuko wa karo. Twaomba sehemu ndogo ya salio la mwaka, nayo ni ya kununua kamba moja imara, magunia 20, mbao 4 za bao, na zawadi za kawaida: jembe, sukari, majani ya chai, madaftari. Zaidi ya hayo ni nguvu zetu wenyewe, na mkono mmoja haulei mwana.

Ya tatu yasema, michezo ya kale ilikuwa na mapigano na ulevi. Hilo nalo ni kweli kwa baadhi yake, kama lilivyokuwa kweli katika kilima cha Dover. Hatusemi turudishe kila kitu. Wazee wakae wachague, wakatae kilicho kibaya, kama Waingereza walivyokataa kupiganisha jogoo. Lakini tusijidanganye kwamba tukikataa yote vijana wetu watakaa bure. Tayari wanacheza. Wanacheza kamari katika simu zao, usiku, kila mtu peke yake, juu ya mpira unaochezwa nchi ambazo hawajazikanyaga. Anayeshindwa katika mdako hupoteza zamu. Anayeshindwa katika kamari hupoteza karo ya mdogo wake, na hapana mzee aliyeketi kando wa kumwambia, "Basi, mwanangu, inatosha."

Ya nne yasema, tukiandika michezo, tutaandika ya nani? Mtaveta atasema ya kwake ndiyo ya asili, na Mkamba atasema ya kwake. Jawabu letu ni kwamba picha ya vipande haiungwi kwa vipande vinavyofanana. Kila kipande kina umbo lake, na pale kinapokosekana hapana kingine kitakachojaa mahali pake, hata kikikatwa na kusukumwa. Iandikwe yote, kila mmoja kwa jina lake na kwa lugha ya wenyewe, na pembeni itajwe ni nyumba ya watu gani walioileta. Hatutafuti mchezo mmoja wa Mahoo. Tunatafuta michezo ya Mahoo.

Tena ipo tofauti moja kati ya picha ile na kazi hii, nayo ndiyo inayotutia haraka. Anayeunga picha ya dukani amepewa kifuniko cha sanduku chenye picha nzima, naye hukitazama kila anapopotea. Sisi kifuniko chetu ni kumbukumbu za wazee. Hatujui tutakuwa nacho kwa miaka mingapi zaidi.

MAOMBI MATATU

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, Halmashauri yaleta mbele ya mkutano huu mambo matatu.

La kwanza ni Daftari la Michezo. Makarani wawili wa chama, pamoja na vijana wanne waliomaliza shule, wawatembelee wazee na akina mama nyumbani kwao, kitongoji kwa kitongoji. Kwa kila mchezo yaandikwe jina lake kwa lugha ya asili, vifaa vyake, idadi ya wachezaji, kanuni zake toka mwanzo hadi mwisho, ulichezwa majira gani na nani, na adhabu ya mwenye kukosa. Wazee wawili wakihitilafiana, yaandikwe maneno ya wote wawili, maana karani si hakimu. Mzee akikubali, sauti yake ichukuliwe kwa simu. Nakala moja ikae katika chumba chetu cha kusomea, na nyingine zipelekwe katika shule zilizo jirani.

La pili ni Siku ya Michezo, mara moja kila mwaka, baada ya mavuno, katika kiwanja cha shule kwa idhini ya mwalimu mkuu. Asubuhi iwe ya watoto, mchana iwe ya vijana na watu wazima, na bao liendelee chini ya mti kutwa nzima. Waamuzi wawe wazee wenyewe. Wasichana na akina mama wawe na mashindano yao sawasawa na wanaume, wala wasiachiwe kazi ya kupika tu. Pombe isiuzwe, wala dau lisiwekwe. Na jirani zetu wa ng'ambo ya mpaka waalikwe, hasa wacheza bao.

La tatu ni ardhi, nalo ndilo zito. Mahali ambapo watoto wetu huchezea leo hapana mwenyewe katika karatasi, au karatasi zake hatujaziona. Mmesikia jinsi vijiji vya Uingereza vilivyopoteza viwanja vyao: havikunyang'anywa usiku, vilizungushiwa ua mchana, kwa sheria, huku wanavijiji wakiwa hawana hati ya kuonyesha. Twaomba Halmashauri iruhusiwe kuandika barua kwa Serikali ya Kaunti ya Taita Taveta kuuliza hali ya kiwanja hicho, na kuomba kiandikishwe kuwa ardhi ya umma kwa matumizi ya michezo na mikutano. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta huo huenda ukajengwa na mtu mwingine, katikati ya kiwanja.

Kati ya haya matatu, Daftari haliwezi kungoja. Kamba yaweza kununuliwa mwaka ujao, na barua yaweza kuandikwa mara mbili. Lakini wazee wanaokumbuka malisho ya zamani ni wachache, na wengine wao wameketi hapa mbele yetu leo. Twawaomba radhi kwa kulisema waziwazi. Tumelisema kwa sababu ya heshima. Wazee wetu, mkiwa tayari, kalamu iko tayari, na tutaanza Jumatatu.

Maneno ya hoja yenyewe ni haya: "Kwamba Mkutano Mkuu huu unaikubalia Halmashauri kuandika Daftari la Michezo ya Mahoo, kuandaa Siku ya Michezo kila mwaka baada ya mavuno kwa fedha za salio pasipo kugusa mfuko wa mazishi wala wa karo, na kuiandikia Serikali ya Kaunti juu ya kiwanja."

Bwana Mwenyekiti, twaomba kutoa hoja.